Nilimpa Kikombe cha Maji

Wapendwa, kaeni, na wale mlioanza kupiga makofi punguzeni. Hamjajua bado mnampigia nani.

Mchungaji amenipa dakika ishirini. Nimekaa kwenye benchi lile la nyuma, karibu na mlango, Jumapili nyingi nikisikiliza shuhuda zenu, na niseme ukweli, nyingine ni matangazo. Mtu anasema alikuwa mlevi kupindukia, mara ameokoka, mara amejenga nyumba ya bati, mara ana pikipiki mbili, na sisi wote tunasema amina kana kwamba pikipiki ndiyo wokovu wenyewe. Mimi leo sina bati wala pikipiki. Nimetumwa. Kuna mama mmoja, yuko mkoa wa jirani, ameniambia nisikanyage tena kwake mpaka nisimame mbele ya watu wa kwetu na kusema nilichofanya ziwani. Watu wa kwetu ni nyie. Nikikaa kabla sijamaliza, sina ruhusa ya kurudi kwake. Basi mnivumilie.

Wengi mnanijua kama yule mpishi wa boti aliyeokoa watu. Wapo wazee humu walionipa mkono kwa ajili hiyo. Yupo mama aliyenipa kuku. Mama, kuku wako nilimla mpaka shingo, na leo utajua ulimlisha mtu wa namna gani.

Nirudi nyuma kidogo kwa ajili ya wageni wetu kutoka Mpanda mjini. Sisi hapa wazazi wetu walitoka Burundi kwa miguu. Mimi nimezaliwa hapahapa, nimekulia kwenye mashamba ya mahindi hapahapa, na karatasi za uraia zipo kwa mama, kwenye sanduku, zimefungwa na nailoni zisilowe. Ni Mtanzania kama mwingine yeyote. Lakini nilipokwenda mjini kutafuta kazi nikakuta neno mkimbizi ni tusi la kawaida. Mtu akivaa shati limechanika, mkimbizi. Akila haraka, mkimbizi. Na badala ya kusema jamani, mimi ni mtoto wa hao, nikacheka pamoja nao. Nikacheka kwa sauti kuliko wao.

Mnajua ulimi wetu unavyotusaliti. Tunasema kurara, tunasema karamu wakati mtu anataka kalamu. Nilijifungia kwenye chumba cha kupanga nikafanya mazoezi: lori la mpunga limelala Inyonga, lori la mpunga limelala Inyonga. Mtu mzima, na ndevu zake, anazungumza na ukuta mwezi mzima. Ulimi uliponyooka nikabadilisha na jina. Nikasema mimi ni Mfipa wa Sumbawanga. Sumbawanga yenyewe sijawahi kufika.

Nawaona mnaocheka. Nawaona na msiocheka, na nyie ndio nawajua zaidi, kwa sababu mna majina mawili kama mimi.

Basi yule Mfipa wa kutengeneza akapata kazi ya upishi kwenye boti la mizigo, boti la mbao lenye mashine, linatoka Karema linavuka ziwa kwenda Kalemie, upande wa Congo. Tulibeba mchele wa Kibaoni na mahindi. Nahodha alikuwa mzee wa Kiislamu, mpole, haongei sana. Halafu tulikuwa na msimamizi wa mzigo, shemeji yake mwenye boti. Huyu alikuwa na kazi moja, kulinda magunia, na akiona tone la maji karibu na mchele analia kama kafiwa. Hakuwahi kufunga kamba hata moja. Lakini alikuwa na maoni kuhusu kila mtu, na maoni yake makubwa yalikuwa kuhusu wakimbizi. Wakati ule watu walikuwa wanavuka ziwa kuja upande wetu kwa mitumbwi mibovu, wanakimbia vita, na yeye akiwaona kwa mbali anasema, haya, mzigo usio na risiti huo unakuja. Na mpishi wake, Mfipa wa kuchonga, anamwongezea chumvi. Niliwaigiza wanavyotembea. Niliwaigiza wanavyosema kurara. Namwigiza mama yangu mzazi, nyie, ili mtu asiyejua kufunga kamba acheke.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, kama saa tatu hivi, tumeshaacha Karema mbali. Upepo ulikuwa umeamka mapema na ziwa lina mawimbi mafupi yale yanayokuja moja juu ya jingine, huoni mbali. Nahodha akapunguza mashine. Akasema, "Kuna watu pale."

Msimamizi akasema ni magogo. Nahodha akageuza boti.

Mtumbwi ulikuwa umepinduka. Tuliwatoa wanne. Mama mmoja wa makamo, bibi mmoja aliyekuwa anatapika maji, na wanaume wawili waliokuwa wameung'ang'ania mtumbwi mpaka vidole havikunjuki, hawajitambui kabisa. Ukimvuta mtu aliyelowa kutoka majini hujui atakavyokuwa mzito. Tulimshika bibi kwenye kwapa, mimi na fundi wa mashine, na nguo yake ikashika msumari, akaning'inia pale ubavuni tukimvuta kama furushi. Alikuwa ananitazama usoni muda wote. Nahodha akamwambia msimamizi afungue turubai tuwafunike. Msimamizi akasema turubai likitoka mchele utalowa. Nahodha akatoa kisu, akakata kamba, akalivuta mwenyewe.

Nahodha akazunguka boti mara moja, anatazama. Halafu akainama kwa yule mama, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na nguvu ya kukaa, akamuuliza kwa Kiswahili taratibu, "Mama, kuna wengine?"

Yule mama hakujua Kiswahili. Ametoka Burundi vijijini, wakakaa upande wa Congo muda mfupi, vita ikawakuta tena. Lakini alielewa anaulizwa nini. Akasema, "Hari abandi. Mu mazi. Mu mazi."

Nyie wa kwetu mmeshaelewa, nawaona mnavyotazamana. Kwa wageni wetu: amesema wapo wengine. Ndani ya maji, ndani ya maji.

Nahodha masikini akasikia maji. Nani angemlaumu? Mtu umemtoa ziwani, mdomo umekauka, anasema mazi, mazi. Akanigeukia akasema, "Mpishi, anataka maji. Mpe maji."

Ndugu zangu, nawaambia, kwenye boti lile alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua yule mama amesema nini. Lugha ile aliinyonya kwa mama yake. Na yule mtu akachukua kikombe cha plastiki, cha bluu, akachota maji ya kunywa kwenye ndoo, akampelekea.

Msinitafutie sababu. Kuna ndugu mmoja niliyemdokezea habari hizi akasema labda ulishtuka, labda hukusikia vizuri. Nilisikia vizuri. Nilichowaza ni hiki: nikitafsiri, msimamizi atajua nimejulia wapi. Basi. Nikaweka watu waliomo majini upande mmoja, na upande wa pili nikaweka kicheko cha mtu asiyejua kufunga kamba, na kicheko kikawa kizito zaidi. Kama unatafuta shetani mwenye mapembe humu utachoka. Ni woga wa kuchekwa tu, kitu kidogo hivyo, kitu cha aibu hivyo.

Yule mama akapokea kikombe. Akakitazama. Akanitazama. Halafu akanyoosha mkono nje ya boti akayamwaga maji ziwani, akaonyesha kule kwenye mawimbi. Mu mazi.

Msimamizi akacheka. Akasema, "Anapewa maji anayamwaga. Ndiyo maana hawana kwao."

Nami nikacheka. Andikeni hilo kama mnaandika.

Nahodha akadhani mama amechanganyikiwa kwa shida aliyopata. Akageuza boti turudi Karema, kwa sababu bibi alikuwa na hali mbaya na wale wanaume miili imekuwa baridi. Mimi nikarudi jikoni. Jikoni ni jiko la mkaa na kibanda cha bati. Nikabandika uji. Na hapa nisijinyime, kazi ile niliifanya. Tuliwavua nguo zilizolowa, tukawaviringisha na magunia matupu, tukawaweka karibu na mashine ambako kuna joto. Bibi nilimpakata kichwa chake, nikampa uji kwa kijiko, anatema, nampa tena. Nilimsugua miguu. Ukinitazama kwa mbali ungesema, lo, mtu wa Mungu huyu. Nami nilitaka nitazamwe kwa mbali hivyohivyo.

Yule mama alikuwa amekaa kwenye magunia, ameacha kusema. Nilipompelekea uji wake hakuupokea. Akasema kwa sauti ndogo, kwangu mimi tu, "Musaza wanje." Kaka yangu. Dada yangu wa kwanza, aliyenibeba mgongoni, ndivyo anavyoniita hadi leo anaponipigia simu. Na hakulisema kama mtu anayebahatisha. Alikuwa amenisoma tangu kwenye kikombe. Mtu asiyejua lugha hukutazama mdomo. Mimi nilimtazama macho, halafu nikayakwepa.

Nikaweka bakuli chini nikaenda kwa nahodha. Nikasema, "Mzee, rudisha boti. Kuna watu wamebaki."

"Umejuaje?"

"Huyu mama amesema."

"Amesema saa ngapi?"

Wapendwa, hilo ndilo swali. Nahodha hakunihoji, alitaka tu kujua tumewaacha umbali gani. Nami nikamjibu, "Sasa hivi. Amesema sasa hivi."

Ilikuwa imepita kama nusu saa.

Akageuza bila kuuliza la pili. Msimamizi akapiga kelele habari ya mafuta, nahodha akamwambia akae chini au aruke. Tukarudi, tukapita pale, tukaendelea kule mkono wa mama ulikokuwa unaonyesha. Tukamkuta msichana ameshika dumu la manjano. Peke yake. Yule ni mdogo wake mama. Alikuwa hai, na yuko hai. Nahodha mwenyewe alimvuta. Nikamfunika, nikampa uji, na uji ule aliupokea.

Walikuwa wawili kwenye dumu lile. Yeye na mume wa yule mama.

Msichana alisimulia pale pale, meno yanagongana, dada yake amemkumbatia, na mimi nimesimama na sufuria. Alisema kwa Kirundi na sikuhitaji mkalimani. Alisema shemeji alikuwa na nguvu, ndiye aliyekuwa anamtia moyo, anamwambia boti limekuja, tazama, wanawatoa wenzetu, sasa wanakuja kwetu. Halafu wakaona boti linageuza. Shemeji akasema, wanaondoka. Kisha akasema, dumu hili ni la mtu mmoja. Akaachia.

Aliachia baada ya kuona boti linaondoka. Tulizunguka kumtafuta mpaka jua likawa utosini. Hatukumpata.

Nahodha akaniuliza, kumbe unajua Kirundi? Nikasema kidogo, nilikiokota sokoni. Hata hapo. Mume wa mtu yuko chini ya ziwa na mimi bado ni Mfipa.

Karema tulipofika, watu walikuwa wamejaa ufukweni na simu juu. Bibi anatetemeka ndani ya gunia, hakuna anayemletea kanga, wote wanataka picha nzuri. Mmoja aliniambia, mpishi, hebu mshike tena kama ulivyomshika, sikukupata vizuri. Nikamshika tena. Nyie, nilimshika bibi yule mara ya pili kwa ajili ya simu. Ni mama mmoja tu, muuza migebuka, aliyesukuma watu, akavua kitenge chake cha juu akamfunika, akaondoka zake kuuza samaki.

Video ikazunguka mpaka huku. Nikaitwa shujaa. Watu waliotutukana mjini wakaninunulia soda. Msimamizi naye akajitokeza kwenye video yake, anaeleza jinsi alivyotoa turubai. Mimi sikumcheka. Ningemchekaje, tulikuwa kazi moja.

Nikaanza kunywa. Sitaki kuwachosha na habari za pombe, mmezisikia kwa wengi na zote ni moja, mtu ananywa, anaanguka, ananuka. Niliacha boti kwa sababu kila nikichota maji kwenye ndoo mkono unakataa. Nikakimbilia Inyonga, nikawa kibarua wa tumbaku kwa mtu. Oneni mambo: yule aliyewacheka wanaokimbia, akakimbia. Na wao walikimbia risasi. Mimi nilikimbia kikombe cha bluu.

Huko Inyonga mchana tukipumzika karibu na bani la kukaushia tumbaku nilikuwa nasinzia. Siku moja vibarua wakaniamsha wanacheka. Wakaniuliza, hari abandi ni nini? Kila ukisinzia unasema hari abandi. Na mmoja wao, mzee wa kwetu, Mrundi kabisa, hakuwa anacheka. Akanivuta pembeni akaniuliza kwa Kirundi, wako wapi hao wengine unaowasema?

Ulimi niliounyoosha mwezi mzima, ukishasinzia unarudi kwao.

Nilimwambia mzee yule yote. Ndiye mtu wa kwanza. Hakunipa pole, na namshukuru kwa hilo. Alisema, sasa umeniambia mimi nina kazi gani nayo? Kamwambie mwenyewe.

Nikampigia nahodha. Naye nikamwambia, kwenye simu. Halafu akasema, "Kwa hiyo mimi nilimpa maji." Hakusema wewe. Alisema mimi. Nilitamani anitukane. Ndiye aliyetafuta habari, akaniambia yule mama na mdogo wake wako wapi, na ndiye aliyenilipia nauli ya kwanza.

Nilimkuta yule mama anachambua maharage nje. Kiswahili amejifunza huko, cha kukata kata lakini kinatosha. Nikapiga magoti, nikaanza maneno niliyokuwa nimeyapanga kwenye basi. Mama yangu, nimekuja kukuomba radhi, mimi ni mkosaji. Kiswahili safi, wapendwa, kila herufi ya eli mahali pake.

Akaendelea kuchambua. Akasema, "Usiniombe kwa Kiswahili. Kwenye Kiswahili ndiko ulijificha."

Nikajaribu kwa Kirundi. Mtu mzima nimepiga magoti mbele ya ungo wa maharage, lugha ya mama yangu haitoki. Mdogo wake akatoka ndani akanitazama, akarudi ndani.

Mama akasema, sijui kama nitakusamehe, na usije hapa kila mwezi na magoti yako. Lakini najua ulikuwa unawaogopa watu wa boti wasijue kwenu. Basi nenda kwenu. Simama mbele yao, uwaambie ulisikia. Uwaambie kwa lugha niliyosema mimi. Ukimaliza, njoo tuongee. Kabla ya hapo usije.

Hiyo ni zaidi ya miezi minne iliyopita. Nimekaa kwenye benchi la nyuma miezi minne, kila Jumapili mchungaji anauliza nani ana ushuhuda, na mimi natazama mlango. Pombe nimeacha, ndiyo. Msipige makofi. Kuacha pombe ni rahisi kuliko kusimama hapa.

Namshukuru nahodha. Namshukuru mzee wa Inyonga ambaye hakunibembeleza. Namshukuru yule muuza migebuka, simjui na hanijui, aliyefanya jambo moja sahihi siku ile na hakukaa kutazamwa. Namshukuru mchungaji, aliyeambiwa haya yote juzi na hakuniambia nipunguze. Namshukuru mama yangu, kaa tu mama, usisimame, niliyemwigiza mbele ya watu ili wacheke.

Somo mnalitaka, najua, hamjatembea kuja hapa bure. Nyie mnaojiita Wafipa mjini, na Wanyamwezi, na Waha, nawajua, na sitawataja. Mimi sikuwa mtu mbaya kuliko nyie. Nilikuwa kama nyie kabisa, hiyo ndiyo habari mbaya niliyowaletea. Nilianza na kicheko kidogo mjini, na jina, na ukuta wa chumba. Sikujua siku moja vitanidai uhai wa mtu. Acheni mapema, wakati bado mnachopoteza ni kuchekwa tu.

Na kuna jingine. Hapa kanisani wote tunasali kwa Kirundi nyumbani, lakini ushuhuda tunatoa kwa Kiswahili, kwa sababu ya wageni, tunasema. Wageni wapo leo, nawaheshimu, na nimewaeleza yote waelewe. Lakini sentensi yangu ya mwisho, ile ya kwamba nilisikia, haikuagizwa kwa ajili yao.

Kesho asubuhi napanda basi. Yule mama wa ziwani atakuwa nje, au hatakuwa. Atakaponiuliza kama nimesema, nataka nimjibu bila kuyakwepa macho yake.

Alisema hari abandi. Alisema mu mazi. Narumvise. Kabla sijachota kile kikombe, narumvise.